Lusia Harris: Malkia Aliyekosa Uwanja

Tarehe 27 Machi 2022, mjini Los Angeles, filamu ya dakika 22 iitwayo The Queen of Basketball ilitunukiwa Oscar katika kundi la filamu fupi za hali halisi. Mwanamke anayezungumza ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho hakuwapo ukumbini. Lusia Harris alikuwa amefariki tarehe 18 Januari mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 66, wiki zisizotimia kumi kabla ya jina lake kusomwa. Hata tuzo yenyewe ilikuwa miongoni mwa tuzo nane ambazo waandaaji waliamua zitolewe kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza. Hivyo mwanamke aliyesahauliwa kwa miaka arobaini alikumbukwa, na siku ya kukumbukwa kwake ikawekwa pembeni kidogo ili kuokoa muda wa televisheni.

Filamu za michezo tumezizoea. Mtoto wa maskini anazaliwa na kipaji, anadharauliwa, anajituma, anashinda, muziki unapanda, nasi tunafuta machozi na kulala tukiwa na moyo mpya. Watu huziita filamu za kutia moyo, na kutiwa moyo si jambo baya. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba maisha ya Lusia Harris hayaingii katika mkondo huo, na ndiyo sababu yanafaa kusomwa kama historia. Kipaji alikuwa nacho. Bidii alikuwa nayo. Ushindi aliupata, tena si mmoja. Alichokosa ni kitu ambacho mtu mmoja hawezi kujijengea kwa juhudi zake: mahali pa kwenda baada ya kushinda.

Tuanzie mwanzo. Harris alizaliwa tarehe 10 Februari 1955 katika kijiji cha Minter City, wilaya ya Leflore, jimbo la Mississippi, akiwa mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja. Eneo hilo, liitwalo Delta, ni bonde tambarare lenye udongo mweusi wenye rutuba, na utajiri wake ulitokana na pamba iliyochumwa kwa mikono ya watumwa na baadaye ya wajukuu wao. Familia yake ilikuwa ya wakulima, na watoto walichuma pamba kama walivyochuma watoto wa majirani. Mwezi Agosti wa mwaka aliozaliwa, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Leflore, katika kijiji cha Money, kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alitekwa usiku na kuuawa kwa madai kwamba hakumheshimu mwanamke mzungu dukani. Waliomuua waliachiwa huru na baraza la mahakama lililokuwa na wazungu watupu. Huo ndio ulimwengu uliompokea mtoto Lusia: ulimwengu ambamo mtu mweusi alifundishwa mapema ainamishe macho.

Binti huyu, hata hivyo, hakuweza kujificha. Alirefuka hadi futi 6 na inchi 3, yaani takribani mita 1.91, na wenzake shuleni wakamtungia maneno ya kumkejeli kuhusu urefu wake. Usiku, wazazi walipodhani watoto wamelala, alijifunika blanketi pamoja na televisheni na kutazama mpira wa kikapu. Shujaa wake alikuwa Oscar Robertson, mmoja wa wachezaji wakubwa wa NBA wa miaka ya 1960. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Msichana anayetafuta mfano wa kuigwa anamkuta mwanamume, kwa sababu katika televisheni ya wakati ule hapakuwa na mwanamke wa kumwangalia. Alijifunza mchezo kutoka kwa watu ambao hangeruhusiwa kamwe kucheza katika ligi yao.

Hapa ndipo historia inapoingiza vizazi viwili katika chumba kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika chuo cha ualimu cha Delta State mjini Cleveland, Mississippi, alisoma binti mzungu aitwaye Margaret Wade, mchezaji hodari wa timu ya wanawake ya chuo. Mwaka 1932 uongozi uliivunja timu hiyo kwa hoja kwamba mchezo ule ulikuwa mzito mno kwa mabinti wa heshima. Inasimuliwa kwamba wachezaji walilia na kuzichoma sare zao. Wade akawa mwalimu, akafundisha mpira wa kikapu katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na chuo chake kikakaa miaka 41 bila timu ya wanawake.

Kilichobadilisha mambo ni sheria, wala si huruma ya mtu. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya elimu ambayo ndani yake mlikuwa na kifungu kifupi kijulikanacho kama Title IX. Kifungu hicho kilisema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa, kwa sababu ya jinsia yake, nafasi ya kushiriki katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Neno michezo halimo ndani yake. Lakini michezo ya vyuo ni sehemu ya elimu ya Marekani, na vyuo vingi hupokea fedha za serikali; kwa hiyo mlango uliofungwa mwaka 1932 ukalazimika kufunguliwa. Mwaka 1973 Delta State ilifufua timu yake ya wanawake na kumwita Margaret Wade, aliyekuwa na umri wa miaka 60, awe kocha.

Harris alikuwa na mpango wa kwenda Alcorn State, chuo kikuu cha kihistoria cha Wamarekani weusi, ambako hapakuwa na timu ya wanawake. Delta State ilimwita, naye akaenda. Chuo hicho kiliasisiwa kwa ajili ya wazungu, na hadi katikati ya miaka ya 1960 hakikuwa na mwanafunzi mweusi. Katika timu yake alikuwa mweusi peke yake. Ukumbi aliochezea uliitwa, na bado unaitwa, kwa jina la Walter Sillers, mwanasiasa aliyekuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Mississippi kuanzia 1944 hadi 1966 na mtetezi mkubwa wa utengano wa rangi. Chini ya jina hilo binti wa wachuma pamba alikuwa akipachika mipira kikapuni usiku hadi usiku, na wazungu wa Cleveland walikuwa wakisimama kumshangilia.

Matokeo yake hayahitaji kupambwa. Mwaka 1975 Delta State ilimaliza msimu bila kufungwa mchezo hata mmoja, ikashinda mara 28, na katika fainali ya ubingwa wa taifa ikaiangusha Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania kilichokuwa kimetwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Ikatwaa tena 1976. Ikatwaa tena 1977. Katika miaka minne ya Harris timu ilishinda michezo 109 na kupoteza 6. Yeye mwenyewe alifunga pointi 2,981 na kudaka ribaundi 1,662, wastani wa pointi karibu 26 na ribaundi zaidi ya 14 kwa kila mchezo. Mashindano hayo, tukumbuke, hayakuandaliwa na chama kikuu cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA. Yaliandaliwa na AIAW, chama cha wanawake kilichoundwa mwaka 1971 kwa sababu wakubwa hawakuona faida. NCAA ilianza kuandaa ubingwa wa wanawake mwaka 1982, na AIAW ikafa mwaka huohuo. Chama kikifa, kumbukumbu zake hubaki bila mwenyewe. Ndiyo maana takwimu za Harris zilikaa pembeni kwa miongo kadhaa, kana kwamba alizipata katika nchi nyingine.

Sasa twende Montreal, kwa kuwa Montreal inatuhusu na sisi. Michezo ya Olimpiki ya 1976 ilikuwa ya kwanza kuwa na mpira wa kikapu wa wanawake. Wanaume walikuwa wakiucheza katika Olimpiki tangu 1936. Wanawake walisubiri miaka 40. Katika mchezo wa Marekani dhidi ya Japani, Lusia Harris alifunga kikapu cha kwanza. Kwa hiyo pointi za kwanza kabisa za mwanamke katika historia ya mpira wa kikapu wa Olimpiki ni za mtoto wa Minter City. Marekani ilipoteza mchezo ule, kisha ikanyanyuka, ikafungwa vibaya na Umoja wa Kisovieti kwa pointi 112 kwa 77, na ikaondoka na medali ya fedha. Harris ndiye aliyeongoza kwa pointi katika timu yake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huikumbuka Montreal kwa namna nyingine. Ni Olimpiki ambayo hatukuwamo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand. Zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. Kenya, Uganda na Zambia nazo hazikushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch mwaka 1974, alibaki bila mbio aliyokuwa akiisubiri dunia nzima. Medali ya dhahabu ya umbali huo ilikwenda kwa John Walker wa New Zealand.

Naziweka picha hizi mbili bega kwa bega kwa sababu. Katika majira yaleyale ya joto ya mwaka 1976, Mwafrika mmoja aliacha nafasi yake ya utukufu kwa ajili ya heshima ya watu weusi, na mjukuu wa watumwa wa Kiafrika akapata nafasi ya utukufu kwa sababu sheria ya nchi yake ilianza, kwa shida, kutambua heshima hiyohiyo. Hakuna anayepaswa kumsuta mwenzake. Wote wawili wanatufundisha kwamba uwanja wa michezo haujawahi kuwa mahali nje ya siasa. Anayesema tusichanganye michezo na siasa kwa kawaida ni yule ambaye siasa ilishampangia kiti.

Mwaka 1977 Harris alimaliza chuo. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka huo, New Orleans Jazz walilitaja jina lake katika raundi ya saba, akiwa mteule wa 137. Kabla yake, mwaka 1969, San Francisco Warriors walimtaja msichana mwingine, Denise Long, lakini uongozi wa ligi uliufuta uteuzi huo. Kwa hiyo Harris anabaki kuwa mwanamke pekee aliyeteuliwa rasmi na timu ya NBA. Hakwenda. Alikuwa ameolewa, na alikuwa mjamzito. Katika filamu anaeleza, huku akicheka, kwamba aliuona ule uteuzi kama jambo la kutafuta umaarufu, na kwamba hakujiona angeweza kushindana na wanaume wa kiwango kile. Anaongeza kwamba hajutii.

Wapo wanaolitazama tukio hili kama fursa iliyopotea, na wapo wanaolitazama kama ushujaa wa mama aliyechagua familia. Nadhani tafsiri zote mbili zinakwepa swali. Swali si kwa nini mwanamke mjamzito hakwenda kugombania nafasi katika timu ya wanaume. Swali ni kwa nini mwaka 1977, katika nchi tajiri kuliko zote duniani, mchezaji bora wa kike hakuwa na mlango mwingine wowote ila huo mmoja wa ajabu ambao haukukusudiwa afike mbali. Mchezaji wa kiume wa hadhi yake angepewa mkataba, nyumba na jina. Yeye alipewa habari moja ya gazeti. Mwanamke akikataa kitu ambacho hakikuwa chakula kamili, tusimhukumu kwamba alikataa karamu.

Ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani, WBL, ilianza 1978. Harris aliichezea Houston Angels katika msimu wa 1979 hadi 1980. Mwaka 1981 ligi ikafa kwa ukata. Baada ya hapo, kwa mwanamke wa Marekani aliyetaka kuishi kwa mpira wa kikapu, njia ya uhakika ilikuwa kwenda ng'ambo. WNBA, ligi iliyodumu hadi leo, ilianza mwaka 1997. Harris alikuwa na miaka 42. Mwili una kalenda yake, na haisubiri mabaraza yakae vikao.

Alifanya nini basi? Alifanya kazi Delta State na akasaidia kufundisha timu. Alisomea shahada ya uzamili katika elimu. Alikuwa kocha mkuu wa Texas Southern University mjini Houston. Kisha akarudi nyumbani Mississippi, akafundisha katika shule ileile ya sekondari ya Greenwood aliyosoma, na akalea watoto wanne. Katikati ya hayo yote aliugua. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa akili unaomtupa mtu kutoka kwenye msisimko uliopitiliza hadi kwenye huzuni nzito. Katika filamu anazungumzia jambo hilo bila kujificha na bila kujihurumia. Kwa jamii zetu, ambamo mgonjwa wa akili bado hufichwa chumba cha uani na ndugu zake huinamisha vichwa, ukweli wa mwanamke huyu mbele ya kamera una thamani kubwa kuliko kombe lolote alilobeba.

Ni rahisi kusema kwamba ugonjwa ule ulitokana na kuporwa uwanja wake. Sithubutu kusema hivyo, maana magonjwa ya akili yana mizizi mingi. Ninaloweza kusema ni kwamba mtu anayezoea kushangiliwa na maelfu, kisha kelele zote zikazimika akiwa na miaka 25, anahitaji jamii imshike mkono. Wanariadha wetu wastaafu wanalijua hilo. Mara nyingi tunawapokea uwanja wa ndege kwa ngoma na mashada ya maua, na baada ya miaka kumi tunawasikia katika taarifa ya msiba.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1992 Harris na Nera White waliingizwa katika Jumba la Kumbukumbu la Naismith huko Springfield, Massachusetts, wakiwa wanawake wa kwanza kuingia kama wachezaji. Harris akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Aliyemsindikiza siku ile alikuwa Oscar Robertson, yule wa chini ya blanketi. Margaret Wade alikuwa ameshaingizwa mwaka 1985. Lakini jumba la kumbukumbu ni jambo moja, na kumbukumbu za watu ni jambo jingine. Kwa miaka 29 iliyofuata, mtu wa kawaida, hata mpenzi wa mchezo huo, angeweza kulisikia jina la Lusia Harris na kuuliza ni nani.

Hapo ndipo filamu inapopata kazi yake. Mtengenezaji wake, Ben Proudfoot, ni Mkanada. Filamu ilitoka mwaka 2021 kupitia gazeti la The New York Times, na baadaye Shaquille O'Neal na Stephen Curry wakaipa majina yao kama watayarishaji wakuu. Mbinu yake ni nyepesi. Uso wa mwanamke mtu mzima umejaa kwenye kioo, anasimulia, anacheka, ananyamaza. Katikati zinapita picha za kale za michezo yake. Hakuna mtaalamu anayeletwa kuthibitisha ukubwa wake. Anaachiwa aseme mwenyewe, kama bibi anavyoachiwa barazani.

Nawaomba wasomaji wasilipite haraka jambo la zile picha za kale. Michezo ya Delta State ilipigwa picha na mikanda ikahifadhiwa chuoni. Miaka 45 ilipita bila mtu wa kuitazama, lakini ilikuwapo. Laiti ingetupwa, filamu isingekuwapo, na Harris angebaki mwanamke mzee mwenye hadithi ambazo wajukuu wangezisikiliza kwa adabu na kuzitilia shaka kimoyomoyo. Heshima aliyoipata haikuletwa na kipaji chake peke yake. Ililetwa pia na mtu fulani asiyejulikana aliyeweka lebo kwenye kopo la mkanda na kulipanga rafuni. Historia ina deni kubwa kwa watunza rafu.

Tujiulize basi sisi: mikanda yetu iko wapi? Ni nani mwenye picha za mabinti waliocheza netiboli na mpira wa kikapu katika shule na vyuo vyetu miaka ya 1970? Ni nani mwenye orodha ya majina yao? Waliocheza wangali hai, wengi wakiwa bibi wa miaka sabini na kitu, na kila msiba unaondoka na maktaba. Taifa linalopenda kusema kwamba linamuenzi mwanamke lingeweza kuanza kwa kurekodi sauti yake kabla haijanyamaza. Kazi hiyo haihitaji Hollywood. Inahitaji simu ya mkononi, mwanafunzi wa historia mwenye subira, na chuo kitakachokubali kwamba mahojiano na mchezaji wa zamani ni utafiti halali kama yalivyo mahojiano na waziri wa zamani.

Lipo na swali la pili, la walio hai. Mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet aliteuliwa wa pili katika orodha nzima ya NBA na Memphis Grizzlies, na nchi ikasherehekea, nayo ilikuwa na haki. Tangu 2021 ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu imekuwa ikichezwa, na Kigali imekuwa moja ya vituo vyake vikuu. Hiyo ni ligi ya klabu za wanaume. Wanawake wa bara hili hawakosi kiwango. Zaire ilipeleka timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika katika mpira wa kikapu wa Olimpiki mwaka 1996, huko Atlanta, miaka 20 baada ya kikapu cha Harris. Mwaka 2023 Kigali iliandaa ubingwa wa Afrika wa wanawake, na Rwanda ikafika nusu fainali mbele ya watu wake. Mwaka 2024 mjini Paris wanawake wa Nigeria waliingia robo fainali ya Olimpiki, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imelifanya. Vipaji vipo. Kinachokosekana ni kilekile kilichokosekana Mississippi mwaka 1977: ngazi ya pili.

Tazama mashindano yetu ya shule za sekondari, UMISSETA. Kila mwaka wasichana hukusanyika kutoka mikoani, wanacheza, wanashinda, wanapigiwa makofi na mgeni rasmi, kisha wanapanda mabasi kurudi makwao. Binti wa kidato cha nne aliyeng'ara kwa siku kumi anarudi kijijini na cheti. Anakwenda wapi? Nani ameandika jina lake? Ni chuo gani kitamwambia njoo, tutakulipia ada ucheze na usome? Title IX haikumfundisha Lusia Harris kufunga. Iliulazimisha uongozi wa chuo kuwa na timu ambayo angeichezea. Tofauti hiyo ndiyo tunayoikwepa tunapowahutubia wasichana wajiamini na wajitume. Wanajiamini vya kutosha. Waliojificha ni wenye bajeti.

Tusidanganyike pia kwamba Marekani imemaliza kazi. Siku Proudfoot alipopokea Oscar, alitumia nafasi yake jukwaani kumwomba Rais Joe Biden amrejeshe nyumbani Brittney Griner, mchezaji wa WNBA aliyekuwa amekamatwa Urusi mwezi Februari 2022 na ambaye aliachiwa Desemba mwaka huo. Griner alikuwa Urusi kwa sababu klabu za huko zilikuwa zikiwalipa wachezaji wa kike fedha nyingi kuliko ligi ya kwao. Miaka 45 baada ya Harris kukosa mahali pa kuchezea, mchezaji bora wa nchi hiyohiyo alikuwa bado anavuka bahari kwenda kutafuta malipo yanayolingana na kazi yake. Ngazi ilikuwa imejengwa, lakini vidato vyake vilikuwa bado vifupi.

Lusia Harris alifariki huko Mound Bayou, Mississippi, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1887 na watu waliotoka utumwani, wakitaka mahali pao wenyewe pa kusimama. Siioni hiyo kuwa nasibu ya kutungiwa hadithi nzuri. Naiona kama mukhtasari wa madai yake. Waasisi wa Mound Bayou hawakuomba kusifiwa kwa uvumilivu wao. Waliomba ardhi. Wasichana wetu nao hawaombi filamu ya kuwatia moyo, ingawa tukiwaonyesha hii watafurahi. Wanaomba kiwanja chenye sakafu, kocha anayelipwa, ligi isiyokufa baada ya misimu mitatu, na karani atakayeandika majina yao kwa herufi sahihi. Bajeti ya michezo itakaposomwa mwaka huu, tuisome tukiwa na swali hilo mkononi, mstari kwa mstari, na tuhesabu ni shilingi ngapi zina jina la kike.